Mkongo Kufika Ufukweni na Huduma Kumfikia Mwananchi: Funzo la Kisiwa cha Saint Helena

Na Mwandishi Wetu

Mwishoni mwa mwezi Agosti mwaka 2021, meli ya kutandaza mikongo ya mawasiliano ilifika katika ghuba ya Rupert's Bay, kwenye kisiwa cha Saint Helena kilichopo katikati ya Bahari ya Atlantiki ya Kusini, na ncha ya mkongo ikavutwa hadi nchi kavu. Kwa wakazi wapatao 4,400 wa kisiwa hicho, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakigawana intaneti iliyopita katika dishi moja la setilaiti, hiyo ilikuwa habari ya kusherehekewa. Hata hivyo, siku iliyofuata hakuna nyumba iliyopata kasi mpya, na mwezi uliofuata hali ilikuwa ileile. Wateja waliunganishwa na mkongo huo tarehe 1 Oktoba, 2023, yaani zaidi ya miaka miwili baada ya ncha ile kugusa ufukwe.

Kipindi hicho cha kungoja ndicho chenye funzo kubwa kuliko sherehe yenyewe. Mwananchi anayefuatilia matangazo ya Serikali husikia mara kwa mara kwamba mkongo umewasili, mnara umezinduliwa au mkataba umesainiwa. Matangazo hayo yana uzito wake, kwa kuwa bila miundombinu hakuna huduma. Lakini kati ya miundombinu kuwasili na huduma kumfikia mtu wa kawaida kuna hatua kadhaa, na kila hatua inaweza kuchelewesha, kupandisha gharama au kukatiza safari nzima. Makala haya yanazichambua hatua hizo kwa kuangalia kisiwa kimoja kidogo, ambacho udogo wake unafanya kila hatua ionekane bayana, kisha yanatazama maana yake kwa nchi yenye visiwa kama yetu.

Kisiwa cha mbali chenye historia inayotugusa

Saint Helena ni eneo la ng'ambo la Uingereza lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 122, likiwa umbali wa karibu kilomita 1,900 magharibi mwa pwani ya Kusini-Magharibi mwa Afrika. Umbali huo ndio ulioifanya Uingereza kukitumia kisiwa hicho kama mahali pa kuwahifadhi watu iliotaka wasisikike. Napoleon Bonaparte alipelekwa huko mwaka 1815 na kufia huko mwaka 1821. Katika historia ya pwani yetu, Sayyid Khalid bin Barghash, aliyeshika kiti cha usultani wa Zanzibar kwa siku chache hadi vita vya tarehe 27 Agosti, 1896, alikamatwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia baada ya kuishi Dar es Salaam chini ya hifadhi ya Wajerumani. Alipelekwa uhamishoni Saint Helena na Shelisheli, kabla ya kuruhusiwa kurejea Afrika Mashariki, ambako alifariki dunia mjini Mombasa mwaka 1927. Visiwa vyote viwili vya uhamisho wake vitatajwa katika uchambuzi huu, safari hii kwa habari ya mawasiliano.

Upweke wa Saint Helena haukuishia katika karne hiyo. Hadi Oktoba 2017, ilipoanza safari ya kwanza ya ndege ya ratiba ya abiria, mtu aliyetaka kufika au kuondoka alitegemea meli, na safari ya kutoka Cape Town ilichukua siku kadhaa baharini. Simu za mkononi zilianza kutumika kisiwani mwaka 2015, zaidi ya miaka ishirini baada ya kuanza kutumika Tanzania.

Katika mazingira ya namna hiyo, intaneti ya kasi si anasa. Kisiwa kina hospitali moja, na mgonjwa anayehitaji matibabu ya kibingwa hulazimika kusafirishwa, mara nyingi hadi Afrika Kusini. Daktari anapoweza kutuma picha za vipimo na kuzungumza ana kwa ana na bingwa aliye mbali, uamuzi wa kumsafirisha au kutomsafirisha mgonjwa hufanywa kwa ushahidi badala ya kubahatisha. Aidha, tangu uraia kamili wa Uingereza uliporejeshwa kwa wakazi wa maeneo hayo mwaka 2002, watu wengi wenye umri wa kufanya kazi wameondoka kutafuta ajira ng'ambo, wakiwaacha wazazi na watoto nyuma. Kwa familia hizo, simu ya picha ndiyo sebule wanamokutana. Na kwa kijana anayetaka kubaki nyumbani na kufanya kazi na waajiri wa nje, intaneti hafifu ni sawa na kufungiwa mlango.

Enzi ya dishi moja

Kabla ya Oktoba 2023, mawasiliano yote ya kisiwa na ulimwengu yalipita katika setilaiti inayokaa kwenye mzingo wa takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta. Umbali huo una athari zisizoweza kuondolewa na fundi yeyote. Ishara ikipanda na kushuka hutumia karibu robo sekunde, na jibu likirudi hutumia robo nyingine. Nusu sekunde inaonekana ndogo kwenye saa ya ukutani, lakini katika mazungumzo hufanya watu wawili wakatizane maneno kila mara, na katika programu zinazodai majibizano ya haraka kati ya kompyuta mbili hufanya kazi isimame.

Tatizo la pili lilikuwa ufinyu. Uwezo wa setilaiti hukodishwa kwa gharama kubwa, hivyo kisiwa kizima kiligawana kiasi ambacho leo kingeonekana kidogo hata kwa ofisi moja ya wastani mjini. Ili kuugawa ufinyu huo, wateja waliuziwa vifurushi vyenye ukomo wa ujazo, na aliyevuka ukomo alilipia ziada. Matokeo yake yalikuwa watu kupanga maisha yao kwa kufuata mita ya data badala ya mahitaji yao. Mwanafunzi aliyetaka kutazama somo la video alipaswa kwanza kujiuliza kama familia ingeweza kumudu dakika hizo.

Ni muhimu kueleza hapa kwamba si kila setilaiti ni ya namna hiyo. Kizazi kipya cha setilaiti za mzingo wa chini, kama zile za Starlink zinazozunguka kwa kimo cha kilomita mia tano na ushei, na zile za OneWeb katika kimo cha takribani kilomita 1,200, hupunguza sana ucheleweshaji. Lakini hata setilaiti hizo huhitaji vituo vya ardhini vilivyounganishwa na mkongo. Kwa maneno mengine, anga na bahari havishindani kama inavyodhaniwa. Kila kimoja kinamtegemea mwenzake.

Namna kisiwa kidogo kilivyopata mkongo mkubwa

Mkongo wa kwanza kufika Saint Helena haukuwa wa intaneti. Mwaka 1899, wakati wa ushindani wa madola ya Ulaya barani Afrika, waya wa simu ya maandishi ulitandazwa kutoka Cape Town hadi kisiwani humo na kuendelea kwenda kisiwa cha Ascension. Kisiwa kilinufaika kwa sababu kilikuwa njiani, katika mstari wa mawasiliano kati ya London na Afrika Kusini. Teknolojia ilipobadilika, mstari huo ulipoteza umuhimu, na kisiwa kikaachwa nyuma.

Zaidi ya karne moja baadaye, nafasi ilijirudia kwa sura ileile. Mwaka 2019 kampuni ya Google ilitangaza mpango wa kutandaza mkongo wa Equiano kutoka Ureno hadi Afrika Kusini, wenye urefu wa takribani kilomita 15,000, jozi 12 za nyuzi na uwezo uliosanifiwa kufikia terabiti 144 kwa sekunde. Mkongo huo umepewa jina la Olaudah Equiano, Mwafrika aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akajikomboa na kuandika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1789 na kuchochea harakati za kupinga biashara ya watumwa. Jina hilo lina uzito wa pekee katika ghuba mkongo ulipotua. Kati ya miaka ya 1840 na mwanzoni mwa miaka ya 1870, maelfu ya Waafrika waliookolewa na jeshi la wanamaji la Uingereza kutoka katika meli za watumwa waliteremshwa Saint Helena, na inakadiriwa kwamba takribani 8,000 kati yao walifia huko na kuzikwa, wengi wao katika bonde hilohilo la Rupert's.

Mkongo mkuu haukupaswa kupita kisiwani. Kilichofanyika ni kuweka kifaa cha kugawanyia njia chini ya bahari, kisha kutoa tawi lenye urefu wa takribani kilomita 1,140, umbali unaokaribiana na ule wa barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Fedha zilitoka katika Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya, ambao uliitengea Saint Helena yuro milioni 21.5. Ukigawa kiasi hicho kwa idadi ya wakazi, utapata karibu yuro 4,900 kwa kila mtu, mtoto na mzee wakiwemo.

Hesabu hiyo fupi inabeba kiini cha suala zima la visiwa vidogo. Hakuna kampuni ya kibiashara ambayo ingewekeza kiasi hicho kwa matarajio ya kukirejesha kutoka katika mifuko ya watu 4,400. Kilomita ya mkongo chini ya bahari hugharimu fedha ileile, iwe inakwenda kwenye mji wa watu milioni tano au kijiji cha watu mia tano. Soko likiachwa peke yake litaunganisha mji na kukiruka kijiji, kwa sababu hesabu zake ndivyo zilivyo. Ndiyo maana mambo matatu yalipaswa kukutana kwa wakati mmoja: mkongo mkuu unaopita karibu, fedha za umma zisizodai faida, na serikali iliyokuwa tayari kusaini kabla meli haijapita. Mkataba wa kisiwa hicho ulisainiwa mwezi Desemba 2019. Kama ungechelewa hadi mkongo mkuu utandazwe bila kifaa cha kugawanyia, nafasi ingepotea, na huenda isingerudi kwa miongo kadhaa.

Jambo la nne lilikuwa kutafuta mteja mkubwa. Tawi la mkongo lina uwezo unaozidi kwa mbali mahitaji ya kisiwa. Serikali ya kisiwa ilielekeza nguvu katika kuvutia kampuni za setilaiti za mzingo wa chini zinazohitaji vituo vya ardhini katikati ya bahari, ikiwemo OneWeb, ili zilipie sehemu ya gharama za uendeshaji. Mantiki yake inafanana na ya mwenye nyumba anayempangisha mfanyabiashara chumba cha mbele ili kodi yake isaidie kuezeka nyumba nzima.

Miaka miwili kati ya ufukwe na nyumba

Kwa nini basi wananchi walisubiri tangu Agosti 2021 hadi Oktoba 2023? Sababu ya kwanza ilikuwa ya kiufundi. Tawi halina kazi mpaka shina likamilike. Mkongo wa Equiano ulitua Togo mwezi Machi 2022, Nigeria mwezi Aprili, Namibia mwezi Julai na Afrika Kusini mwezi Agosti mwaka huohuo. Saint Helena ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kupokea ncha ya mkongo, lakini ncha hiyo ilikuwa kama bomba jipya lililofika uani kabla tangi halijajazwa maji.

Sababu ya pili ilikuwa ya kimkataba, na hapa ndipo wananchi wa nchi yoyote wanapaswa kutega sikio. Kisiwa kilikuwa na mtoa huduma mmoja tu wa mawasiliano, mwenye leseni ya kipekee iliyokuwa ikielekea ukomo. Serikali ilitafuta mtoa huduma kwa njia ya ushindani, mazungumzo yakachukua muda, na hatimaye wateja waliunganishwa na mkongo mpya kupitia kampuni ileile iliyokuwepo. Mtu anaweza kuuliza kama muda huo ulipotea bure. Jibu linategemea masharti yaliyopatikana. Anayemiliki lango ndiye anayepanga bei, na serikali inayoleta mkongo kwa fedha za umma bila kujadili bei ya rejareja, ubora wa huduma na haki ya wengine kuutumia, inakuwa imemjengea mtu binafsi barabara na kumwachia kizuizi cha kutoza ushuru.

Sababu ya tatu ni kile ambacho wataalamu hukiita maili ya mwisho. Nyumba nyingi za kisiwani zilikuwa zikipata intaneti kupitia nyaya za shaba za simu za mezani. Mkongo wenye uwezo wa kuhudumia taifa ukiishia kwenye waya wa shaba uliozeeka, mteja hupata kasi ya ule waya. Kisiwa chenye mabonde makali na nyumba zilizotawanyika juu ya miinuko kinahitaji ama nyuzi mpya hadi majumbani, ama minara ya kutosha, na vyote viwili vina gharama inayotozwa kwa wateja wachache.

Mabadiliko yaliyofuata Oktoba 2023 hata hivyo yalikuwa ya kweli. Vifurushi visivyo na ukomo wa ujazo viliingia, na ule ucheleweshaji wa nusu sekunde ukaondoka. Swali lililobaki si tena kama kisiwa kimeunganishwa, bali nani kisiwani anamudu kuunganishwa, na kwa kasi gani. Ni swali zuri zaidi kuliko lile la awali, lakini si swali dogo.

Uzi mmoja ni tumaini moja

Lipo jambo ambalo sherehe za uzinduzi huligusa kwa nadra: nini kitatokea siku mkongo utakapokatika? Tarehe 15 Januari, 2022, volkano ya chini ya bahari ya Hunga Tonga–Hunga Ha'apai ililipuka katika Pasifiki ya Kusini. Visiwa vya Tonga, vyenye wakazi takribani 100,000, vilikuwa vikitegemea mkongo mmoja wa kimataifa wenye urefu wa kilomita 827 unaokwenda Fiji. Mkongo ukakatika. Katika saa ambazo dunia ilihitaji kujua ni wangapi wamefariki na ni msaada gani unahitajika, nchi nzima ilikuwa kimya. Ndugu walioko New Zealand na Australia hawakuweza kuwapata wazazi wao. Ilichukua takribani majuma matano meli ya matengenezo kuurejesha mkongo huo wa kimataifa, na ule wa ndani unaounganisha visiwa vya kaskazini ulichukua zaidi ya mwaka mmoja.

Tonga haikuwa imekosa onyo. Mwezi Januari 2019 mkongo huohuo ulikatika na nchi ikakaa karibu majuma mawili ikitegemea setilaiti kwa shida. Kati ya onyo la kwanza na janga la pili ilipita miaka mitatu bila njia mbadala iliyo imara.

Shelisheli, kisiwa kile kingine cha uhamisho wa Sayyid Khalid, ilichukua njia tofauti. Mwaka 2012 ilipata mkongo wake wa kwanza, SEAS, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,900, unaoanzia Dar es Salaam. Mji wetu ndio uliokuwa lango la Shelisheli kuingia katika mtandao wa nyuzi wa dunia. Lakini nchi hiyo haikuridhika na uzi mmoja, ikatafuta mkongo wa pili kupitia mfumo wa PEACE unaounganisha Asia, Afrika na Ulaya, ili mmoja ukikatika, mwingine ubebe mzigo.

Nasi tumeyaonja hayo. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kusini mwa bahari yetu, na watumiaji wa intaneti nchini Tanzania na nchi jirani wakashuhudia huduma zikidorora au kusimama. Miamala, biashara za mtandaoni na kazi za ofisi viliathirika hadi njia mbadala zilipopatikana na matengenezo kufanyika. Miezi miwili kabla ya hapo, mwezi Machi, mikongo minne ilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Côte d'Ivoire. Nchi zilizokuwa na njia ya Equiano ziliweza kuhamishia sehemu ya mawasiliano yao huko. Tofauti kati ya usumbufu na kusimama kabisa ilikuwa kuwepo kwa njia ya pili.

Wakazi wa Unguja wanalielewa somo hili kwa namna ambayo hawahitaji kuelezwa na mtaalamu. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara ulipoharibika, kisiwa kilikaa takribani miezi mitatu bila umeme wa gridi. Pampu za maji zilisimama, vyakula viliharibika, na mwenye jenereta ndiye aliyeendelea na biashara. Waya mpya wenye uwezo mkubwa zaidi, megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013. Yaliyotokea kwenye umeme yanaweza kutokea kwenye mawasiliano, kwa kuwa bahari ni ileile, na nanga ya meli haibagui waya.

Maana yake kwetu

Tanzania si Saint Helena. Ina mikongo kadhaa ya kimataifa inayotua katika pwani yake, ina Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaopita bara, na ina watoa huduma wanaoshindana. Lakini ndani ya taifa kubwa zimo Saint Helena nyingi: kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, visiwa vidogo vinavyozunguka Mafia na Pemba, na vijiji vya nyanda ambavyo, ingawa havikuzungukwa na maji, vimezungukwa na umbali. Katika maeneo hayo hesabu ni ileile ya yuro 4,900 kwa kila mtu: wateja ni wachache, gharama ni kubwa, na soko peke yake haliwezi kufika.

Ndiyo sababu ya kuwepo kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kutoa ruzuku pale ambapo biashara haioni faida. Mwezi Mei 2023 Serikali ilishuhudia kusainiwa kwa mikataba ya ujenzi wa minara 758 katika maeneo ya vijijini kupitia mfuko huo. Utaratibu huo ni sawa na ule ulioipatia Saint Helena tawi lake, yaani fedha ya umma inayoziba pengo kati ya kile ambacho soko linaweza na kile ambacho mwananchi anastahili.

Hata hivyo, uzoefu wa Saint Helena unatufundisha kwamba pengo likishazibwa, kazi haijaisha. Tangazo la miundombinu mipya linapotolewa, mwananchi ana haki na wajibu wa kulisoma hadi mwisho, akitafuta majibu ya maswali machache. Huduma itaanza lini, na ni kitu gani kinachosubiriwa kati ya leo na siku hiyo? Nani atauza huduma hiyo, na je, mwingine anaruhusiwa kutumia miundombinu ileile kushindana naye? Kifurushi cha kawaida kitagharimu kiasi gani, kikilinganishwa na kipato cha mvuvi au mwalimu wa eneo hilo? Mnara au mkongo huo unapata wapi umeme, na umeme ukikatika unadumu kwa saa ngapi? Na la mwisho, njia hiyo ikikatika, ipo njia gani nyingine?

Maswali hayo si ya kuikosoa Serikali wala kulibeza jambo jema. Ni maswali ambayo mamlaka zenyewe hujiuliza katika vikao vyao, na jibu lake linapowekwa hadharani, mwananchi anapata kipimo cha kufuatilia utekelezaji. Mkazi wa Saint Helena aliyesikia Agosti 2021 kwamba mkongo umefika, bila kuelezwa kwamba shina bado linajengwa na leseni bado inajadiliwa, aliishi miaka miwili akidhani amesahauliwa. Angeelezwa mapema, angesubiri kwa utulivu, na angejua tarehe ya kuuliza.

Kwa upande wa taasisi zinazotoa taarifa, funzo ni kutenganisha waziwazi hatua nne ambazo mara nyingi huunganishwa katika sentensi moja: kusainiwa kwa mkataba, kukamilika kwa ujenzi, kuwashwa kwa huduma, na huduma kutumika kwa bei inayomudika. Kila hatua ina tarehe yake, na kila moja inastahili tangazo lake. Kuichanganya hatua ya kwanza na ya nne ni kumpa mwananchi matumaini yasiyo na kalenda.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa visiwa vidogo na vijiji vya mbali, kibaba cha mawasiliano hujazwa kwa mkongo, leseni, waya wa nyumbani, bei, umeme na njia ya akiba. Kimoja kikikosekana, vingine vyote hubaki vikisubiri, kama ncha ile iliyolala ufukweni Rupert's Bay kwa zaidi ya miaka miwili huku watu waliokusudiwa kuitumia wakiendelea kuhesabu megabaiti zao.